Kumbukumbu za vita Eastlands zimeachiwa makanga

Jumamosi ya juzi mpwa wangu, kijana anayesomea upimaji wa ardhi katika mojawapo ya vyuo vyetu, alinijia nyumbani Fedha kabla sijamaliza chai ya asubuhi. Hakuja kuniamkua tu. Alikuwa amevaa viatu vya kutembelea mbali, simu yake ameishika kama ashikavyo nahodha dira, na akanitaka nitoke naye twende kusaka hazina. Kwa umri wangu neno hazina lina maana mbili tu: ile Hazina ya Serikali iliyoko mjini, ambayo kila mwaka huambiwa imekauka, na mtaa wa Hazina ulioko South B. Nikamwambia aketi kwanza anywe chai, kwani hazina isiyoweza kungoja kikombe kimoja haina maana.

Akiwa anakunywa, alinieleza habari za mchezo uitwao jiokachingi. Ulianza nchini Marekani mwaka 2000. Hadi Mei mwaka huo, serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikivuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zinazomwonyesha mtu mahali alipo, ili vipimo sahihi viwe vya majeshi yake peke yake. Mtindo huo ulipokomeshwa, haukupita muda. Tarehe 3 Mei mtu mmoja wa jimbo la Oregon, Dave Ulmer, akaficha ndoo msituni na kuwatangazia wenziwe vipimo vya mahali pale, nao wakaenda kuitafuta. Leo makasha ya namna hiyo yamezidi milioni 3 duniani kote. Sheria za mchezo si nyingi. Ukiliona kasha, unaandika jina lako katika kijitabu kilichomo. Ukitwaa kitu, unaacha kingine chenye thamani sawa au zaidi. Kisha unalirudisha kasha mahali pake, na mpita njia asijue kwamba hapo pana jambo.

Nilikiri kwamba ulikuwa mchezo mzuri, hasa kwa kuwa chombo kilichoundwa kwa ajili ya vita kimegeuzwa cha kutembeza watoto. Lakini alichoniambia baadaye ndicho kilichonitoa kitini. Nchini Uingereza, alisema, karibu kila kijiji kina mnara wa mawe wenye majina ya vijana wake waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Wachezaji huyatumia majina hayo kama vidokezo. Mgeni huambiwa ahesabu majina yanayoanza kwa herufi fulani, au ajumlishe tarakimu za mwaka uliochongwa, na jumla hiyo humpa vipimo vya mahali kasha lilipofichwa. Hivyo mtu aliyekuja kucheza hujikuta amesoma majina ya marehemu wa kijiji asichokijua, mmoja baada ya mwingine, mpaka la mwisho.

"Sasa mjomba," akaniuliza, "mnara wa vita wa hapa kwetu uko wapi?"

Nimeishi Fedha kwa miaka mingi, msomaji wangu, nami sikuwa na jibu.

Mgeni asiyeijua Fedha na adhani kwamba ni mahali pa matajiri kwa sababu ya jina lake, basi anisamehe nikimrekebisha. Ni mtaa wa Embakasi, kandokando ya Barabara ya Outer Ring, majirani zetu wakiwa Tassia, Pipeline, Nyayo na Donholm. Kila jambo letu ni jipya: maghorofa yanaota kama uyoga, na nyumba iliyokuwa na bustani mwaka jana mwaka huu ina vyumba 40 na kamba za nguo. Katika mtaa kama huu watu wengi husema kwamba hakuna historia, kana kwamba historia ni kitu cha Lamu na Gedi, chenye magofu na kiingilio cha kulipia langoni. Mimi nami nilikuwa nikisema hivyo.

Lakini tulipofika kituoni ili tupande matatu, makanga alikuwa akiita "Taj! Taj!" Mpwa wangu akaangaza macho akitafuta hiyo Taj. Hakuna Taj. Jengo la maduka lililoitwa hivyo, lililokuwa kwenye njia panda ya Outer Ring na Airport North, lilibomolewa na tingatinga za serikali mnamo Septemba 2018. Tangu hapo ni jina tu. Wenye matatu hawakupata barua wala amri ya kuwataka walihifadhi. Walilihifadhi kwa sababu abiria wanashuka pale, na abiria walilikubali kwa sababu hawakuona haja ya jingine. Nikasema moyoni kwamba huenda hii ndiyo namna yetu ya kujenga minara: jengo likianguka, jina lake linabaki midomoni mwa makanga.

Tukaondoka na wazo hilo, na kila hatua ya safari ikazidi kulitia nguvu.

Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm, hupita katikati ya mitaa ya vita bila ya wengi wetu kujua. Tazama Mbotela. Watu huteremka pale kila siku wakiwa na mifuko ya sukuma wiki. Mtaa huo uliitwa kwa jina la Tom Mbotela, aliyekuwa kiongozi katika chama cha KAU na mpinzani wa matumizi ya silaha, ambaye aliuawa Nairobi mnamo Novemba 1952, mwezi mmoja hivi baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Tazama Ofafa Maringo na Ofafa Jericho. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa jiji, naye aliuawa mwaka 1953. Serikali ya kikoloni, ilipokuwa ikijenga nyumba za Waafrika katika miaka ile, iliwachagua hao wawili miongoni mwa marehemu ikayaweka majina yao kwenye ramani. Waliouawa na upande wake wenyewe, na walikuwa wengi mno, haikuwapa hata kichochoro. Simlaumu Mbotela wala Ofafa. Walikuwa watu, walikuwa na watoto, na kifo chao kilikuwa kifo. Ninachosema ni kwamba ramani ya Eastlands ina upande, na tumeirithi bila ya kuisoma.

Tulishuka karibu na Uwanja wa City. Ng'ambo ya pale ni soko la Burma, na kama hujapata kula nyama yake basi umekosa. Wachinjaji walikuwa wakinoa visu. Mpwa wangu alimuuliza kijana mmoja kwa nini soko likaitwa Burma. Yule kijana akafikiri kidogo, akasema ni jina la mwenye soko wa kwanza. Mzee aliyeketi nyuma yake akacheka, akamwambia aache uongo: Burma ni vita.

Naam, ni vita. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki, pamoja na wale wa Divisheni ya 11, walipigana na Wajapani katika misitu na matope ya Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar. Wengine hawakufika hata huko. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa ikielekea Ceylon, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives, ikafa nayo idadi ya watu wapatao 1,300, wakiwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hilo ni mojawapo ya maafa makubwa kabisa ya baharini yaliyowahi kuwapata watu wa kwetu, na sijapata kusikia likitajwa katika hotuba yoyote ya Siku ya Mashujaa. Wale waliorudi waliliacha neno Burma sokoni. Basi.

Mmoja wa waliorudi alikuwa Waruhiu Itote. Alipigana Burma akiwa koplo wa jeshi la Mfalme. Miaka michache baadaye aliingia msituni Mlima Kenya akipigana na jeshi lile lile, safari hii akijulikana kama Jenerali China, hadi alipokamatwa Januari 1954. Ukitaka kumpa Itote jiwe la kumbukumbu, utaliweka upande gani? Wako watu wenye majibu ya haraka kwa swali hili. Mimi sinalo, na ninawaogopa kidogo walio nalo.

Kutoka Burma tulikwenda kwa miguu hadi Kariokor. Kijana alipendezwa na viondo na viatu vya ngozi, nami nikamwacha apendezwe, kwani nilikuwa natafuta namna ya kumweleza jambo ambalo babu zetu walilieleza kwa shida.

Vilipozuka vita vya 1914, Waingereza waliokuwa Kenya na Wajerumani waliokuwa Tanganyika walipigana katika nchi isiyo na barabara, ambamo mbung'o waliwaua ng'ombe, farasi na nyumbu. Mzigo wote wa jeshi, yaani chakula, risasi, mahema, na hata mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, ulihitaji vichwa na mabega ya watu. Ndipo kikaundwa kikosi cha wabebaji, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, nasi ulimi wetu ukalifanya jina hilo kuwa Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Masoko yote mawili yamesimama mahali palipokuwa kambi za watu hao. Mwanzoni waliandikwa wachache. Mwaka 1917, vita vilipohamia kusini na maradhi yakazidi kuua, ilitolewa amri ya kukusanya watu kwa wingi, na machifu wakatakiwa wapeleke idadi. Inakadiriwa kwamba katika vita vyote vya Afrika Mashariki Waingereza waliwatumia wabebaji wapatao milioni moja. Waliokufa, kwa hesabu za wanahistoria wengi, wanakaribia 100,000, na wengine husema walizidi. Risasi iliwaua wachache. Waliosalia waliuawa na kuhara damu, homa, baridi ya mapafu, na unga ambao haukuiva kwa kuwa hapakuwa na muda wala kuni. Mzigo ulikuwa kilo 25 hivi, na mshahara rupia 5 kwa mwezi.

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye barabara kuu. Kaka mkubwa wa babu yangu alichukuliwa kwetu Machakos mwaka 1917. Nyanya yangu alituhadithia kwamba chifu alihitaji wanaume kadhaa na katika boma la kina babu palikuwa na wawili. Mmoja alikuwa bado mdogo, akaachwa. Huyo aliyeachwa ndiye babu. Mimi nipo kwa sababu mwenzake alikwenda. Mama yao hakukubali kibuyu cha mkubwa kiondolewe mahali kilipotundikwa, na kilikaa pale mpaka yeye mwenyewe alipofariki. Hakuna aliyewaletea habari. Hakuna aliyewaletea mshahara. Wenziwe kadhaa walirudi wakiwa wamekonda, wakasema walimwona mara ya mwisho ng'ambo ya mto Rufiji, au labda hakuwa yeye.

Jina lake silitaji hapa, wala si kwa siri yoyote. Ni kwamba ukoo haujakubaliana lilivyoandikwa. Nyumbani aliitwa jina moja. Kwa karani wa kambi, wasema wazee, alijitaja kwa jina la baba yake, na karani akaliandika kwa namna sikio lake lilivyolipokea. Miaka kadhaa iliyopita nilifika katika ofisi fulani kuuliza kama kuna orodha. Mtumishi mmoja mwenye adabu alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza tahajia ya jina. Nikampa tatu. Akaziandika zote tatu kwenye kikaratasi, akakiweka chini ya kikombe chake. Nadhani kipo pale hadi leo.

Tulifika Mnara wa Askari, Barabara ya Kenyatta, jua likiwa utosini. Wengi wetu hupita pale tukiwa na haraka ya benki au ya korti, kwa hiyo naomba nikukumbushe ulivyo. Ni sanamu tatu za shaba zilizotengenezwa na mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson, zikazinduliwa mwaka 1928. Mmoja ni askari wa KAR. Mwingine ni mpelelezi wa kikosi cha Waarabu wa pwani. Na wa tatu ni mbebaji, mtu wa Kariokor mwenyewe. Maandishi yako katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, nayo yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawataja wabebaji kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, jambo ambalo ni kweli na limesemwa vizuri. Kisha yanatoa ahadi: kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Mpwa wangu alitoa kijitabu chake. Alikuwa amepanga kwamba swali la mwisho la mchezo wake liwe lile lile la vijiji vya Uingereza: hesabu majina yaliyochongwa, zidisha kwa tarakimu fulani, utapata vipimo vya mahali kasha lilipo. Akauzunguka mnara mara moja. Akauzunguka mara ya pili, akainama kutazama chini ya kila sanamu. Kisha akanijia.

"Mjomba, hakuna hata moja."

"Naona."

"Basi jibu ni sifuri. Na ukizidisha kwa sifuri hesabu yote inaharibika."

Ahadi ya jina ipo, imechongwa kwa lugha tatu. Jina lenyewe halipo.

Kuna utetezi ambao nimeusikia mara nyingi, kwamba watu wale walikuwa wengi mno, hawakujua kusoma, na hivyo haingewezekana kuwaandika. Utetezi huo si wa kweli, na nitasema kwa nini. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa Kenya mwaka 1915, vita vikiwa vinaendelea. Vita vilipokwisha ikaanza kutekelezwa, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 akavalishwa kipande shingoni, ndani yake pameandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Serikali iliyoweza kumwandika kila mwanamume aliye hai ili asitoroke shambani mwa mzungu, ilishindwaje kumwandika aliyekufa? Haikushindwa. Ilipima, ikaona kwamba aliye hai ana faida kwake na maiti hana. Hata mishahara ya marehemu wengi, ambayo ilibaki bila ya kudaiwa, haikuwafikia warithi wao. Wakati uo huo, mwaka 1919, wanajeshi wazungu waliotoka vitani waligawiwa mashamba katika nchi hii hii. Wakazi wenzangu wa Fedha watanisamehe nikisema kwamba mtaa wetu umebeba jina la kitu ambacho wabebaji hawakupewa.

Wala si mimi peke yangu nisemaye hivi. Mnamo Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti juu ya mwenendo wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika vita vya kwanza chini ya bendera ya Uingereza, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Mwaka 2023 Mfalme Charles alipozuru Kenya alifika makaburi ya vita ya Kariokor, akawapa upya nishani wazee waliopigana katika vita vya pili. Nayapokea yote mawili kwa heshima, kwani radhi iliyochelewa ni bora kuliko isiyokuja. Ila nauliza: sisi je? Tangu Desemba 1963 bendera ni yetu, bajeti ni yetu, na shaba ni yetu. Katika miaka hii yote Mnara wa Askari umekuwa mikononi mwetu. Nani alituzuia kuongeza kibao kimoja?

Nilipolizungumza jambo hili na jirani yangu, mtu mwerevu ambaye mimi humheshimu, alinijibu bila kusita. Hao, alisema, walimfia mfalme wa watu wengine. Kuwajengea ni kumjengea mfalme. Tena akaongeza kwamba Fedha ina shida ya maji, taka na mabomba ya maji machafu, na diwani akisimama kuomba pesa za vibao vya marehemu wa 1917 atapigiwa miluzi.

Kuhusu maji sina ubishi naye. Siku tatu kwa wiki mimi pia huishi kwa mtungi. Lakini kibao cha shaba hakinywi maji ya mtu, na bei yake haifikii ya karamu moja ya kuzindua mradi ambao haukukamilika. Kuhusu mfalme, nadhani jirani yangu amewahukumu watu kwa makosa ya aliyewakamata. Kaka wa babu yangu hakumjua mfalme. Alichukuliwa na askari wa chifu, akafungwa kamba kiunoni pamoja na wenziwe ili wasitoroke, wakatembezwa hadi kambini. Ukisema hastahili kukumbukwa kwa kuwa alimtumikia mkoloni, umemfunga kamba ile mara ya pili.

Kijana naye alikuwa na jambo lake. Alitaka kuficha kikasha kidogo cha bati chini ya mnara, ili atakayekuja aandike jina lake. Nilimkataza, na hapa nadhani nilikuwa na haki. Mji huu ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, na zaidi ya watu 200 wakafa mwendo mfupi tu kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Kikasha kisichojulikana chini ya mnara wa katikati ya jiji kitaitiwa polisi kabla ya saa sita, na mwenye kukificha atajieleza kituoni. Lakini neno hilo la 1998 lilitukumbusha jambo. Tulikwenda hadi bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti, na pale ukutani majina yapo. Yamepangwa, yanasomeka. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama akilitazama jina moja, kidole chake kimeligusa, hakusema kitu. Kwa hiyo tunajua kufanya. Tulipoamua, tulifanya, na hatukuuliza kama marehemu alikuwa mlinzi au karani au mkurugenzi.

Mpwa wangu alinieleza kwamba mchezo wao una aina nyingine isiyo na kasha. Mtu huelekezwa mahali, hutazama, hujibu swali, basi. Tulikubaliana kwamba hiyo ndiyo itakayotufaa.

Jioni tulirudi Fedha. Ndege zilikuwa zikishuka moja baada ya nyingine juu ya mapaa yetu, na kijana akaniuliza kama hapa kwetu kweli hapana lolote, tukiacha jina la Taj. Nikamwonyesha ndege.

Uwanja wa ndege wa Embakasi, ule wa zamani ulio upande wa kaskazini wa njia ya kurukia, ulifunguliwa Machi 1958. Mwaka 1978 lilijengwa jengo jipya upande wa pili, na uwanja mzima ukapewa jina la Mzee Jomo Kenyatta. Waliouchimba ni mahabusu wa Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi, yakapita mtaa kwa mtaa katika Eastlands hii hii, na zaidi ya watu 20,000 wakakamatwa na kutiwa kambini. Kambi ya Embakasi ikawa mojawapo ya zile zilizotoa vibarua wa uwanja: wanaume waliovunja mawe na kusawazisha ardhi kwa sururu, koleo na karai, chini ya bunduki, bila ya kuhukumiwa na mahakama yoyote. Watalii wote walioshuka Embakasi katika miaka ile, na marais, na wachezaji wetu waliorudi na medali, walikanyaga kazi ya mikono hiyo.

Serikali ya Uingereza ilikubali mwaka 2013 kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, na mnara wao ukazinduliwa Uhuru Park mnamo Septemba 2015. Vizuri. Lakini Uhuru Park ni mbali na Embakasi. Katika uwanja wenyewe, ambamo nimepita mara nyingi nikisindikiza na kupokea watu, nimeona matangazo ya simu, ya benki na ya kahawa, wala sijaona mstari mmoja unaosema ni nani waliochimba.

Ninaiomba Serikali ya Kaunti ya Nairobi, Makavazi ya Taifa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa kigeni. Kwanza, kibao langoni mwa uwanja wa ndege kwa ajili ya mahabusu wa Embakasi. Pili, kibao Kariokor na kingine Burma, kwa Kiswahili kisomekacho na mwenye kibanda. Tatu, na hili ndilo kubwa, kitabu. Si kitabu cha dukani. Ni daftari la wazi, Kariokor kwenyewe, ambamo mtu yeyote mwenye jamaa aliyekwenda na hakurudi ataandika jina lake kama anavyolijua, kwa tahajia aliyo nayo, hata kama ni tatu. Wataalamu walinganishe na orodha zilizo katika makavazi hapa na Uingereza. Palipo na ubishi waache majina yote. Warithi wa watu wale wanakwisha. Nyanya yangu alifariki kitambo, na baada yangu sioni nani katika ukoo atakayekumbuka kwamba kibuyu kile kilitundikwa upande gani wa mlango.

Mpwa wangu amemaliza kuandika maswali ya matembezi yake. Yanaanzia kituo cha Taj, yanapita Mbotela, Burma na Kariokor, yanaishia mnarani. Swali la mwisho ameliacha vile vile, hesabu majina. Alitaka kulibadilisha ili hesabu isiharibike, nikamsihi aliache. Jumamosi ijayo tutaanza upande wa uwanja wa ndege, kwa nje ya ua, simu zikiwa mfukoni, maana kupiga picha pale ni kujitafutia balaa.

Nilimsindikiza hadi kituoni saa moja usiku. Matatu ilikuwa karibu kujaa, na makanga, kijana wa umri wake, alikuwa amening'inia mlangoni akiita Donholm, Jogoo Road, Burma, mjini.